Picha Mbili, Jina Moja

Simu ya maabara ilimkuta Nukta akimkanda mama yake mdogo mkono wa kushoto. Ndivyo walivyoianza kila siku tangu mama mdogo atolewe titi. Yeye alikaa kwenye kochi, mkono juu ya mto, na Nukta akapiga magoti mbele yake na kuusukuma uvimbe taratibu kutoka vidoleni kwenda begani, kama walivyoelekezwa hospitalini. Pamoja na titi, daktari wa upasuaji alitoa pia tezi za kwapani, na tangu hapo mkono ulikuwa ukiachwa kidogo tu unaumuka kama unga wenye hamira.

Mama mdogo alikuwa mwalimu wa udereva. Wanafunzi walimwita Mama Breki, kwa sababu gari la mafunzo lilikuwa na breki ya pili upande wake, na yeye hakuwa mchoyo wa kuikanyaga. Baada ya upasuaji mkono haukuweza tena kuuwahi usukani pale mwanafunzi anapopotea njia, kwa hiyo chuo kilimwondoa barabarani kikampa darasa la alama na sheria. Hakulalamika. Mtu akimpa pole, alimwambia ampe hongera badala yake: saratani ilionekana mapema, ikatolewa yote, na kipimo cha baadaye kikaonyesha hakuna hata chembe iliyobaki. Alikuwa akisema hivyo hata kwa watu ambao hawakumuuliza.

Nukta aliachwa na mama mzazi angali mdogo, na huyu ndiye aliyemlea. Jina la Nukta alipewa na wenzake kazini, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kukaa kutwa nzima mbele ya kompyuta akitafuta nukta moja iliyosahaulika kwenye programu. Mama mdogo alilipenda jina hilo, akalichukua nyumbani.

Aliyepiga simu alikuwa dada wa darubini. Kazi yake ilikuwa kukata vipande vyembamba vya nyama iliyotolewa kwa wagonjwa, kuviweka chini ya darubini na kuvipiga picha. Hapo maabara hapakuwa na daktari bingwa wa kuzisoma picha hizo, kwa hiyo zilitumwa kwenye seva iliyokuwa mji wa mbali, bingwa wa huko akazisoma, na jibu lake likarudi kwa njia ileile. Programu ya kutuma na kupokea ilikuwa ya Nukta. Ilifunga kila picha kwa ufunguo wa siri kabla haijaondoka, ili mtu yeyote aliyedokoa njiani asione kitu.

Dada wa darubini alisema kompyuta imegoma tangu asubuhi. Haitumi chochote, na maandishi mekundu yamejaa kwenye skrini.

Nukta alipofika, alivuta kiti akayasoma maandishi yale bila haraka. Yalisema kwamba seva iliyojibu haina utambulisho uliozoeleka. Kila seva ya namna hiyo ina alama yake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu, na Nukta aliiandikia programu kwamba alama ikibadilika, isitume kitu hata kwa dawa. Huenda mtu amejipachika katikati, anajifanya seva ili ameze picha za wagonjwa.

Dada wa darubini alimuuliza kama hawezi kuiondoa tu hiyo amri ya ukaguzi, wagonjwa wanasubiri majibu. Nukta akamwambia ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu umepoteza ufunguo. Akampigia msimamizi wa seva kwa namba aliyokuwa nayo siku zote, na msimamizi, bila hata kushtuka, akasema kweli, walikuwa wamehamia kwenye mashine mpya, na barua ya kuwaarifu wateja ilikuwa bado inasubiri sahihi ya mkubwa. Nukta hakuridhika. Alimtaka amsomee alama ya mashine mpya kwa sauti, herufi kwa herufi, naye akawa anaifuata kwenye skrini kwa ncha ya kalamu. Ililingana mwanzo mpaka mwisho. Akaihifadhi alama mpya kwenye programu, akaagiza itume.

Picha zilianza kwenda. Dada wa darubini akashusha pumzi, akaondoka kwenda kuosha vioo vyake vya darubini. Nukta naye alikuwa ameshachukua mkoba alipoona mstari mwekundu mwingine, halafu wa pili. Baadhi ya picha zilikataliwa. Seva ilisema hana ruhusa ya kuandika mahali pale kwa sababu faili lenye jina hilo lipo tayari.

Alimpigia tena msimamizi. Huyo akamweleza kwamba mashine mpya imewekewa masharti makali kidogo: faili likishapokelewa, haliwezi kufutwa wala kuandikwa juu yake. Ya zamani ilikuwa inaruhusu. Kama anataka, atamlegezea, ni kazi ya dakika moja.

"Ngoja kwanza," Nukta alisema. "Hii picha imepigwa leo. Hatujawahi kuituma. Faili lenye jina lake linatoka wapi?"



Wazo la kwanza la Nukta lilikuwa kwamba programu inatuma kila kitu mara mbili. Alisoma msimbo wake juu hadi chini, hakuona mahali pa namna hiyo. Basi akalivuta lile faili lililokuwa kwenye seva, akalifungua kando ya lile lililokataliwa. Hakuwa daktari, lakini macho alikuwa nayo. Picha ya kushoto ilikuwa ya zambarau iliyokolea, imejaa vidoa. Ya kulia ilikuwa ya waridi, na nafasi nyeupe katikati. Hizi hazikuwa nyama za mtu mmoja. Zilikuwa na jina moja: tarehe ya leo na namba ya foleni.

Akaangalia picha ile nyingine imetumwa kutoka wapi, na anwani aliyoiona ilimfanya asogee karibu na skrini. Ilikuwa imetoka ndani ya jengo hilihili.

Alimfuata dada wa darubini kwenye sinki akamuuliza kama kuna kompyuta nyingine inayotuma picha.

"Ya chumba cha pili," dada akasema, akijifuta mikono. "Tulipata darubini nyingine, kazi ilikuwa imetuelemea. Niliinakili programu yako kwa flashi, nikaiweka kule. Ilifanya kazi mara moja, sikuona haja ya kukusumbua." Alitabasamu kidogo, kama anayetarajia kusifiwa.

Nukta alisimama pale akimtazama bila kumwona. Programu aliiandika kwa ajili ya kompyuta moja. Alama ya seva ilihifadhiwa kando, haikuhamia kwa flashi, ndiyo maana kompyuta ya chumba cha pili haikugoma asubuhi. Kila asubuhi ilianza kuhesabu upya, mgonjwa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na namba hiyo pamoja na tarehe ndiyo ikawa jina la picha. Sasa kompyuta zilikuwa mbili, kila moja inahesabu kivyake, kila moja ina mgonjwa wake wa kwanza na wa pili. Picha ya chumba kimoja ilipofika kwenye seva ya zamani, ililala juu ya mwenzake wa chumba cha pili na kumfuta, kimya kimya. Bingwa alisoma iliyobaki. Jibu likarudi na jina lile moja, na kompyuta zote mbili zikalichukua, kila moja ikiamini ni la mgonjwa wake.

"Darubini ya pili ilikuja lini?" aliuliza.

Dada wa darubini akamwambia.  Ilikuwa kabla ya mama mdogo kuletwa kupimwa.

Daktari mkuu wa maabara alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mazoea ya kuvua miwani kila anapofikiri. Nukta alimweleza yote wakiwa wamesimama, maana hakuna aliyekumbuka kukaa. Alipomaliza, miwani ilikuwa mezani na Daktari anajikuna paji la uso.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

Nukta alidhani anajua swali hilo linaelekea wapi. "Mimi, wewe na dada wa darubini," alijibu.

"Basi tuanze sasa hivi, kabla hatujapata akili ya kuogopa," Daktari akasema. "Picha zetu zenyewe zipo?"

Zilikuwepo. Kompyuta ya kila chumba ilibaki na nakala ya ilichotuma. Hilo lilikuwa jambo moja tu zuri katika siku ile nzima. Nukta aliongeza herufi ya chumba kwenye jina la kila picha, akaiamuru programu isiseme imetuma mpaka ilinganishe kilichofika na kilichoondoka, kisha wakaanza kuzituma upya zile zote zilizogongana. Daktari alimpigia bingwa mwenyewe. Nukta alisikia sauti ya kiti kikivutwa upande wa pili wa simu, na bingwa akasema ataacha kila kitu azisome.

Hapo ndipo Nukta alipomwomba Daktari afungue faili la mama mdogo kwanza. Hakuficha sababu. Daktari alimtazama, akavuta kibodi upande wake, akasema ataliangalia yeye, Nukta akae.

Mama mdogo alipimwa chumba cha kwanza. Siku hiyohiyo, kwa namba hiyohiyo, chumba cha pili kilikuwa na mwanamke mwingine. Wote wawili waliandikiwa jibu lile moja: saratani ya titi. Wote wawili walikatwa. Nukta alivuta kutoka kwenye seva ile picha iliyosomwa wakati ule, akailinganisha na nakala za vyumba viwili. Ilikuwa ya chumba cha pili. Nyama ya mama yake mdogo haikuwahi kuonekana na jicho la bingwa yeyote.

"Usikimbilie mbele," Daktari alimwambia. "Hata yake inaweza kuwa na ugonjwa. Ngoja isomwe."

Jambo la ajabu ni kwamba Nukta, aliyekaa pale mikono imebana katikati ya magoti, aligundua kuwa anaomba iwe na ugonjwa. Alipolitambua ombi lake, alilikatiza.

Bingwa alipiga simu badala ya kutuma jibu. Daktari alisikiliza, akauliza swali moja, akamwomba atazame tena. Wakangoja. Kisha akasema asante, akaiweka simu chini polepole, kama kitu cha kuvunjika.

"Ni uvimbe wa kawaida," alisema. "Wa mafuta. Haukuhitaji hata kuguswa."

"Na kile kipimo cha baadaye? Cha kwamba hakuna kilichobaki?"

"Kilikuwa sahihi." Daktari alifumba macho. "Hakikubaki kitu kwa sababu hakikuwepo."

Nukta alisikia maneno, moja moja, na kila moja alilielewa. Yalipojipanga pamoja, alishindwa kuyabeba. Alitazama ukutani, penye kalenda ya kampuni ya dawa na picha ya maporomoko ya maji, na baadaye alikumbuka kila tone la maporomoko yale, lakini hakukumbuka aliinuka vipi wala nani alimshika mkono.

Alitaka kwenda peke yake. Daktari alikataa, alisema habari ya namna ile inaletwa na mwenye maabara, si na mtoto wa nyumbani. Wakaenda pamoja kwenye gari lake, redio imezimwa.

Walimkuta mama mdogo darasani, kabla ya kipindi. Alikuwa anapanga vigari vya plastiki kwenye meza kubwa iliyochorwa njia panda na mzunguko, mkono wa kushoto umeegemea kiunoni. Alimwona Nukta akafurahi, akamwona Daktari nyuma yake, akaacha kupanga.

"Umerudi," alisema, akikusudia ugonjwa.

"Hapana, mama," Daktari akasema. "Haukurudi."

Akamweleza. Hakutumia maneno ya kitaalamu wala hakuzunguka. Alisema picha mbili zilipewa jina moja, moja ikaifuta nyingine, na jibu alilopewa lilikuwa la mwanamke mwingine. Alisema yeye ndiye mkuu wa maabara na kosa ni la maabara. Mama mdogo alimsikiliza huku akikizungusha kigari chekundu mezani.

"Sema tena," alisema.

Daktari akasema tena.

"Kwa hiyo titi langu lilikuwa zima."

"Lilikuwa zima, mama."

"Na tezi zangu."

"Nazo pia."

Nje mwanafunzi alikuwa anajifunza kurudi nyuma, injini inazima, inawaka, inazima. Mama mdogo alikiweka kigari chekundu mahali pake kwenye mzunguko, akakisogeza mpaka kikae sawasawa, ndipo akamgeukia Nukta. Uso wake ulikuwa mtupu, kama wa mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi kwenye nyumba asiyoijua.

"Ile programu si ndiyo ya kwako? Ile uliyonionyesha?"

"Ni yangu, Mama Mdogo."

"Nimeshukuru," mama mdogo alisema. "Kila siku nimeamka nikashukuru. Nimewaambia watu wanipe hongera." Sauti haikupanda. "Sasa zile shukrani nilikuwa nampa nani?"

Daktari alitaka kusema kitu, akainua mkono, akaushusha. Mama mdogo akawaambia waende, wanafunzi wake wanaingia. Na kweli waliingia, vijana wakisukumana mlangoni, na Nukta akiwa bado ameganda kwenye korido alimsikia mama yake mdogo akiwauliza nani anakumbuka maana ya alama ya pembetatu nyekundu.

Kuanzia siku ile mama mdogo aliukanda mkono wake mwenyewe, chumbani, mlango umefungwa. Hakumfukuza Nukta wala hakumtukana. Aliongea naye mambo ya nyumba tu, gesi imeisha, bomba linavuja, kwa adabu ambayo ilimuumiza Nukta kuliko makofi. Shangazi na wajomba walipiga simu, wengine wakisema heri, kumbe hukuwa mgonjwa. Hao aliwakatia simu. Mara moja Nukta alimkuta amesimama mbele ya kioo cha sebuleni, kiganja kimelala juu ya upande ule bapa wa kifua, hatingishiki. Alipita nyuma yake kwa ncha za vidole, akajifungia jikoni, akalia kwenye kitambaa cha vyombo.

Kazini aliendelea, maana kazi ilikuwa haijaisha. Picha zote zilizogongana zilisomwa upya. Nyingi hazikubadilisha kitu; waliokuwa wazima walikuwa wazima. Wagonjwa wachache walipigiwa simu warudi haraka, akiwemo mzee mmoja fundi bomba aliyeambiwa yuko salama na hakuwa salama, lakini bado alikuwa na muda wa kutibiwa. Dada wa darubini aliomba kuacha kazi; Daktari hakumkubalia. Nukta alimwambia dada huyo kwamba angeweza kuiandika programu ikatae kuandika juu ya faili la mtu mwingine tangu mwanzo, kama mashine mpya ilivyofanya, na kwamba hakuwahi hata kuliwazia jambo hilo. Walikaa wakatazamana, kila mmoja akitamani mwenzake ndiye awe mwenye makosa.

Halafu maabara ikawaita wagonjwa wote kwenye ukumbi wake mdogo wa mikutano, ili waelezwe ana kwa ana. Nukta hakutarajia mama mdogo aende. Asubuhi hiyo alimkuta amevaa, mkoba begani, anamngoja mlangoni.

"Utanipeleka au nipande basi?" aliuliza.

Ukumbini mama mdogo alichagua kiti cha mbele. Nukta alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Daktari alieleza yote mbele ya watu kama alivyoeleza darasani, jasho likimtiririka. Mmoja alitoka nje. Mwingine aliuliza swali lilelile mara kadhaa kwa sababu hakuweza kulisikia jibu. Mama mdogo aliinuka akasema ana jambo moja tu: kuanzia leo, kabla mtu hajakatwa kiungo, bingwa apigiwe simu na jina la mgonjwa litajwe kwa mdomo, na nyama isomwe mara ya pili. Daktari akasema wameshaanza kufanya hivyo. Mama mdogo akasema anataka kulisikia likisemwa hapa, mbele ya wote. Daktari akalisema.

Watu walipoanza kutawanyika, mwanamke mmoja mwembamba, kitambaa kimefungwa chini hadi kwenye nyusi kuficha kichwa kilichonyonyoka nywele, alimwendea mama mdogo. Alikuwa muuza viatu. Alisimama mbele yake akitafuta pa kuanzia, na Nukta, aliyekuwa amesogea, akajua ni nani kabla hajasema.

"Naambiwa ilikuwa picha yangu," yule mwanamke alisema. "Nimekosa usingizi, dada yangu. Nimeona nije nikuombe radhi."

Mama mdogo alimtazama, kutoka kitambaa hadi viatu. 

"Picha yako ilijituma yenyewe?" alimuuliza.

"Hapana."

"Basi radhi ya nini?" Akamvutia kiti kwa mkono wake wa kulia. "Kaa. Dawa zinakwendaje? Unakula?"

Wakakaa. Muuza viatu akasema anakula kidogo, supu inapanda, vingine vinarudi. Mama mdogo akamuuliza mambo mengi, na alipoanza kulia hakuuficha uso. Yule mwenzake akampa ukingo wa kitenge chake. Nukta alibaki amesimama pembeni, hajui kama aende au akae. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu mama mdogo alipogeuka na kumwona.

"Kalete gari, tumpeleke huyu kwake," alimwambia. "Mimi na wewe bado tuna maneno. Tutayasema nyumbani."

"Sawa, Mama Mdogo," Nukta akasema, akatoka kwenda kulitoa gari.